Raundi Moja ni Ipi? Mwongozo Kamili wa Kuhesabu Raundi Bwawani na Uwanjani

Watu wawili wametoka majini, wamejifunga taulo, wanasubiri chai. Mmoja anasema leo kapiga raundi ishirini. Mwenzake naye anasema ishirini. Wanapongezana. Kumbe wa kwanza ameogelea mita 500 na wa pili mita 1,000, siku hiyo hiyo, bwawa lile lile la mita 25. Wa kwanza alihesabu moja kila alipogusa ukuta. Wa pili alihesabu moja kila aliporudi pale alipoanzia. Hakuna aliyedanganya.

Ubishi huu hauishi kando ya mabwawa, na kila upande una hoja yake. Tuanze na maji, maana ndiko kwenye utata mkubwa, kisha tupande uwanjani.

Hatua ya 1: Kubalianeni raundi ni nini

Neno raundi tumelizoea shuleni. Mwalimu wa michezo akisema "zungukeni kiwanja raundi tano", hakuna mtoto anayeuliza raundi inaishia wapi. Inaishia ulipoanzia, basi. Ukilichukua neno hilo ukaingia nalo bwawani, linakwambia kwamba ukifika ukuta wa pili bado hujamaliza, mpaka urudi. Hiyo ndiyo hoja ya yule wa mita 1,000, na si hoja ya kubeza.

Ila waogeleaji wa mashindano hawahesabu hivyo. Shirikisho la michezo ya majini duniani, World Aquatics, ambalo zamani likiitwa FINA, huhesabu kila kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta kuwa moja. Ushahidi mzuri uko kwenye vile vibao vya namba. Katika mbio za mita 800 na 1,500, upande wa kugeukia kuna mwamuzi anayemwonyesha mwogeleaji kibao cha raundi zilizobaki. Angalia namba zake: 29, 27, 25, 23. Ni witiri tupu. Mita 1,500 katika bwawa la mita 50 ni kuvuka mara 30. Ukigusa ukuta wa mbali kwa mara ya kwanza umevuka mara moja, zimebaki 29. Ukirudi hapo tena umeshavuka mara tatu, zimebaki 27. Kama raundi ingekuwa kwenda na kurudi, vibao hivyo visingekuwa na maana yoyote. Kila mwogeleaji akibakiwa na kuvuka mara mbili na mita 5, inapigwa kengele au filimbi kwa ajili yake.

Hesabu ya kwenda na kurudi ina kichekesho chake pia. Mwaka 2010 kule Delhi, Mkenya Jason Dunford alitwaa dhahabu ya mita 50 mtindo wa kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bwawa la mita 50 halimpi mtu wa mbio hizo nafasi ya kugeuka. Kwa hiyo tungesema alishinda nusu raundi?

Uamuzi wangu ni huu: majini, raundi ni ukuta hadi ukuta. Lakini kwa kuwa mwenzako huenda ana uamuzi wake, afadhali mliweke neno raundi kando. Semeni "safari" kwa kuvuka mara moja, na "kwenda na kurudi" kwa safari mbili. Hivyo ndivyo nitakavyosema kuanzia hapa. Kocha akikupa zoezi la "raundi nane" na hujui anahesabuje, usiingie majini kwanza. Muulize: ni mita ngapi?

Hatua ya 2: Pima bwawa lenyewe

Mabwawa ya mashindano ni ya aina mbili, mita 50 na mita 25. Nairobi, kwa mfano, bwawa la Kasarani ni la mita 50. Kanuni ya urefu ni kali: bwawa la mita 50 haliruhusiwi kupungua hata milimita moja, na likizidi lisipite sentimita 3. Kuzidi kunaruhusiwa kwa sababu kwenye kuta hutundikwa vibao vya kielektroniki vinavyosimamisha saa mwogeleaji anapogusa, navyo vina unene wake. Fundi aliyejenga mita 50 kamili bila kuwaza vibao ametengeneza bwawa fupi.

Lakini wengi wetu tunaogelea hotelini, na bwawa la hoteli lilijengwa lipendeze machoni. Kuna la mita 12, kuna la 18, kuna lenye umbo la figo, kuna lenye kisiwa katikati na mnazi juu yake. Usimuulize mhudumu urefu, atakwambia "ni kama ishirini na tano hivi". Chukua tepu ya fundi ya mita 30, mwombe mtu akushikie upande wa pili, mpime juu ya maji, ukuta hadi ukuta, pale pale utakapopita.

Kama huna tepu ndefu, tumia vigae vya ukingoni. Pima kigae kimoja pamoja na ufa wake wa saruji, kisha hesabu vigae vyote. Tuseme kigae ni sentimita 30 na ufa ni milimita 3, na umehesabu vigae 60. Zidisha 30.3 kwa 60, unapata sentimita 1,818, yaani mita 18.18. Kupima kwa hatua za miguu kuwe kwa shida tu, maana sakafu imelowa, na hatua za mtu anayeogopa kuteleza ni fupi.

Bwawa la figo? Chagua vitu viwili visivyohama, labda ngazi ya huku na taa ya kule, pima mstari ulionyooka kati yake, na uogelee mstari huo kila siku.

Hatua ya 3: Geuza safari kuwa mita

Hesabu ya kubandika mlangoni:

- Mita 100: safari 2 katika bwawa la mita 50, safari 4 katika bwawa la mita 25
- Mita 400: safari 8, au 16
- Mita 800: safari 16, au 32
- Mita 1,500: safari 30, au 60

Kwenye lile bwawa la vigae 60, safari 55 zinakupa kilomita moja, ukikosa sentimita 10 tu. Bwawa la mita 20 nalo lina kisirani chake: mita 100 ni safari 5, namba witiri, kwa hiyo kila mia inakuishia ukuta tofauti na ile ya kabla yake. Ukiwa na chupa ya maji upande mmoja utalijua hilo haraka.

Ndugu zetu walioko Marekani wana jambo la ziada. Mabwawa mengi ya shule na vyuo huko hupimwa kwa yadi, 25 kwa safari, ambazo ni mita 22.86. Mbio zao ndefu ni yadi 1,650, safari 66, na waogeleaji huziita "maili". Si maili. Ni mita 1,509 hivi, na maili ni mita 1,609. Mtu akikwambia kaogelea maili kule, mpongeze, ila mita mia moja bado anadaiwa.

Tena usilinganishe muda wa bwawa fupi na wa bwawa refu. Mita 1,500 katika bwawa la mita 50 unageuka mara 29. Katika la mita 25 unageuka mara 59, na kila unaposukuma ukuta kwa miguu unapata mwendo ambao mikono yako haijaufanyia kazi. Ndiyo sababu rekodi za dunia za mabwawa haya mawili huandikwa mbalimbali.

Hatua ya 4: Hesabu bila kupotea

Ukiwa majini husikii vizuri, unachokiona ni mstari mweusi wa sakafuni, na akili inazurura. Inafika safari ya kumi na kitu, hujui ni 13 au 15. Huwapata hata waliozoea.

Kinga ya kwanza ni ukuta wenyewe. Ulipoanzia, paite nyumbani. Bwawa lolote ulilonalo, ukigusa ukuta wa nyumbani, kabla hujausukuma, hesabu yako ni shufwa: 2, 4, 6, 8. Ukigusa ukuta wa mbali ni witiri. Ukijikuta umegusa nyumbani na kichwani una 13, hesabu imekosewa, hakuna mjadala. Hiyo ndiyo siri ya vile vibao vya witiri, na inakuokoa kwenye nusu ya makosa yako, yaani yale ya kuruka safari moja. Ya kuruka mbili haiyaoni.

Kwa hayo ya kuruka mbili, usihesabu mbali. Katika bwawa la mita 25, hesabu hadi nne tu, moja, mbili, tatu, nne, halafu umepata mia. Weka vifuniko vya soda kumi ukingoni, nyumbani, na kila mia ikitimia hamisha kimoja kutoka kushoto kwenda kulia. Vikihamia vyote, kilomita imeisha. Watu watakucheka wiki ya kwanza. Namba yenyewe itamke kimoyomoyo wakati miguu inasukuma ukuta, na useme namba ya safari unayoianza, usiseme ya ile uliyoimaliza. Ukichanganya hizo mbili utakuwa na hesabu inayozidi moja leo na kupungua moja kesho.

Kinga ya tatu ni saa ya ukutani. Kama mia moja huichukua kwa dakika mbili na nusu, dakika kumi zikipita unapaswa kuwa na mia nne. Vifuniko vikisema mia tano na saa ikisema dakika kumi, aidha umekuwa samaki au umehamisha kifuniko mara mbili. Penye shaka chukua namba ndogo. Kuogelea mita 50 za ziada hakujamwumiza mtu.

Safari inahesabika ukigusa ukuta tu. Kwenye mtindo huru unaweza kugusa kwa kiungo chochote, ndiyo maana wenye ujuzi hupiga kichwangomba na kugusa kwa nyayo. Mtindo wa chura na wa kipepeo unadai mikono miwili kwa pamoja. Anayegeukia hatua mbili kabla ya ukuta kwa sababu kuna watoto wanacheza pale ana udhuru, ila mita hana.

Saa za mkononi za michezo husaidia, kwa masharti. Kabla ya kuanza inakuuliza urefu wa bwawa. Ukiiachia 25 na bwawa ni la 18.18, kila safari inakupa karibu mita 7 za bure, na kwa safari 40 umejidanganya mita zaidi ya 270. Saa hutambua kugeuka kwa kufuata mwendo wa mkono wako, kwa hiyo ukishika ubao wa kuelea ukapiga miguu tu, mkono umetulia na saa haioni kitu. Ukisimama katikati kurekebisha miwani, nayo huenda ikadhani umegeuka.

Mkiwa wengi kwenye njia moja, mnazunguka: mnakwenda upande mmoja wa mstari mweusi na kurudi upande wa pili. Wapi kushoto, wapi kulia, fuata mliowakuta. Anayetaka kupumzika ajibane kwenye kona, asiwazibie wenzake ukuta, maana bila ukuta safari zao hazihesabiki.

Hatua ya 5: Uwanjani, jua mita 400 zimepimwa wapi

Nchi kavu maana ya raundi haina ubishi. Ubishi uko kwenye urefu wake.

Uwanja wa riadha wa kawaida una pande mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja na kona mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.50. Zile mita 400 hazipimwi juu ya ukingo. Zinapimwa sentimita 30 nje yake, pale mguu wa mkimbiaji wa njia ya kwanza unapotua. Kila njia ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo ukisogea nje kona inakuwa ndefu. Njia ya pili raundi moja ni mita 407. Ya nane ni 453. Wanaokimbia alfajiri wawili wawili wakipiga soga wajue kwamba wa nje anafanya kazi zaidi, na raundi kumi za njia ya nane ni kilomita nne na nusu, wala si nne.

Shule nyingi zetu hazina uwanja huo. Zina kiwanja cha mpira. Kiwanja cha vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68, ukikizunguka juu ya chaki ni mita 346. Cha kijijini huenda ni kifupi zaidi, kwa hiyo kipime, jumlisha urefu na upana, zidisha kwa mbili. Na ukikata kona usijihesabie mita hizo.

Hatua ya 6: Jua kipande cha ziada kinakaa wapi

Mita 800 ni raundi mbili kamili. Mita 10,000 ni 25 kamili. Lakini 1,500 ni raundi tatu na robo tatu, na 5,000 ni kumi na mbili na nusu. Kipande kinachobaki hukimbiwa mwanzo, wala hakiachwi mwisho, kwa sababu mstari wa kumalizia hauhami. Ndiyo maana wa 5,000 huanzia upande wa pili wa uwanja, wanakimbia mita 200, na wakipita mstari wa kumalizia kwa mara ya kwanza kibao kinasema 12. Mgeni akihesabu hiyo kuwa raundi ya kwanza ameshapotea. Maili ndiyo yenye visa: raundi nne na mita 9 na kidogo. Filbert Bayi wa Tanzania alipoweka rekodi ya dunia ya maili Kingston, Jamaika, mwaka 1975, dakika 3 na sekunde 51.0, zile mita tisa nazo zilikuwamo.

Mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zina utata wao. Dimbwi la maji hukaa ndani au nje ya njia ya kawaida, kwa hiyo raundi yake si mita 400. Anayetaka kuhesabu raundi za mbio hizo ahesabu maji: yanarukwa mara saba.

Na hizo ndizo mbio zilizoharibiwa kwa hesabu kuliko zote. Olimpiki ya Los Angeles 1932, mwenye kuhesabu raundi alipitiwa, wakimbiaji wakaongezwa raundi nzima. Walikimbia kama mita 3,460. Volmari Iso-Hollo wa Ufini alishinda vyovyote vile, lakini Mmarekani Joe McCluskey, aliyekuwa wa pili pale mita 3,000 zilipotimia, alipitwa na Mwingereza Thomas Evenson kwenye raundi ambayo haikupaswa kuwapo, akaambulia shaba.

Kosa la upande wa pili lilimpata Mwethiopia Hagos Gebrhiwet kule Lausanne mwaka 2019, mita 5,000. Alifyatuka, akavuka mstari akiwa wa kwanza, akashangilia. Ilikuwa imebaki raundi moja. Wenzake wakampita, akamaliza wa kumi, na ushindi ukaenda kwa Mwethiopia mwenzake Yomif Kejelcha.

Wewe usiye na mwamuzi fanya hivi: bonyeza kitufe cha saa kila ukipita mstari wa kumalizia, mahali pamoja tu. Jua raundi yako huchukua muda gani. Joshua Cheptegei wa Uganda alipokimbia 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 kule Valencia mwaka 2020, wastani wake ulikuwa kama sekunde 63 kwa raundi. Wako ukiwa dakika mbili, na saa ghafla ikionyesha raundi ya dakika nne, hujachoka, umesahau kubonyeza.

Hatua ya 7: Ukizungukwa

Kengele ya raundi ya mwisho ikilia kwa mara ya kwanza ni ya anayeongoza. Ukiwa umeshapitwa raundi nzima, si yako. Katika mita 10,000, aliyezungukwa mara mbili anakimbia 25 zake zote, hata kama mshindi ameshavaa bendera.

Kwenye magari ya langalanga, yaani Formula 1, ni kinyume. Kiongozi akimaliza, mbio zimekwisha kwa wote. Aliyezungukwa anaandikwa kwa raundi alizotimiza. Idadi ya raundi huko huamuliwa na barabara: zinatosha zikipita kilomita 305 tu. Monaco ndiyo iliyosamehewa, raundi 78 za kilomita 3.337, jumla kilomita 260. Raundi ile ya polepole ya kujipanga kabla ya taa kuzimika haihesabiwi. Hata huko kwenye mitambo yote hukosea: Montréal mwaka 2018 bendera ya mwisho ilipeperushwa raundi moja mapema, na matokeo yakachukuliwa raundi ya 68 wakati zilipangwa 70.

Baiskeli za uwanjani, raundi ni mita 250 kwenye mashindano makubwa, na katika mbio za pointi anayelizunguka kundi kubwa la wenzake anazawadiwa pointi 20.

Hatua ya 8: Kumhesabia mwenzako bwawani

Siku moja utaombwa. Kaa ukuta wa mbali, si alipopigia mbizi. Andika namba witiri kwenye karatasi kabla hajaanza, na ukate moja kila anapogeuka mbele yako. Usitegemee vidole. Mwonyeshe namba akiwa bado mita chache kutoka ukutani, chini karibu na maji, maana akishajipinda kugeuka haoni kitu. Mkubaliane mapema kama namba ni ya zilizobaki au zilizopita. Zikibaki safari mbili piga ukelele au kengele. Ikibaki moja, tikisa kibao. Akisimama na kukuuliza kama amemaliza, tazama kwanza ameshika ukuta upi.